Nimeambiwa nifute neno ‘aelewe’, na aliyeliandika ni mwalimu wangu

Assalaamu alaykum Bibi Mshauri,

Nakuandikia kutoka Pemba. Jina langu na la chuo naomba yabaki kwako, maana kisiwa chetu kidogo na watu tunajuana kwa mlio wa makubadhi. Nina miaka 36, ni muuguzi mkunga, na huu ni mwaka wa saba nafundisha wanafunzi wa diploma.

Chuo chetu kinaandika upya mtaala ili uwe wa umahiri. Yaani mwanafunzi asipite kwa kukaa darasani miaka mitatu na kujibu mitihani tu, apite kwa kuonekana anaiweza kazi. Mimi nimepewa somo la kuzalisha na kumhudumia mama baada ya kuzaa. Natakiwa niandike upya malengo ya kujifunza, na kamati inayataka kabla ya Shaabani kwisha. Malengo ya zamani ninayo, na karibu yote yanaanza kwa namna moja: mwanafunzi aelewe hatua za uchungu, aelewe kutoka damu baada ya kuzaa, afahamu umuhimu wa usafi.

Bibi, neno hilo ‘aelewe’ lina kisa na mimi. Mwaka jana tulikuwa zamu ya usiku na wanafunzi katika hospitali moja. Mama mmoja, uzazi wake wa nne, akajifungua vizuri, mtoto akalia. Mimi nilikuwa kitanda cha pili na mama mwengine aliyekuwa anasukuma. Nikampigia kelele mwanafunzi wangu, binti aliyepata 84 katika mtihani wa somo langu: mpe oksitosini. Hiyo ndiyo dawa ya kuzuia kutoka damu baada ya kuzaa. Akaenda kwenye friji, akarudi na kichupa, akasimama. Nikamuona anakigeuza geuza kwenye mwanga wa taa. Kichupa kimeandikwa yuniti 5. Yeye kichwani ana 10, kama nilivyomfundisha na kama alivyoandika kwenye karatasi. Hakujua avute kimoja au viwili, au pengine kashika dawa siyo. Na hakuniuliza. Damu ilishaanza kufika ukingoni mwa mpira wa kitandani ndipo mkunga wa zamu, mtu mzima, alipomnyang’anya, akavunja viwili, akachoma, akaanza kusugua tumbo.

Yule mama yu mzima, alhamdulillahi, na mwanawe. Lakini niliporudi nyumbani alfajiri nilifungua makabrasha nikatafuta lengo la kipindi kile. Limeandikwa: “Mwanafunzi aelewe jinsi ya kuzuia kutoka damu baada ya kuzaa.” Sasa alielewa au hakuelewa? Kwa karatasi yangu alielewa, tena vizuri. Mimi ndiye niliyempa 84.

Kwa hiyo nilipopewa kazi hii nilifurahi. Kumbe nimejitia motoni. Malengo ya zamani aliyaandika mkuu wetu wa kitengo. Huyu ndiye aliyenifundisha ukunga mimi, na juu ya hayo ni mama mdogo wa mume wangu. Kazini namwita Mwalimu, nyumbani namwita Mama. Kwenye kikao nilisoma lengo moja kwa sauti nikauliza, tena kwa adabu, “Hili tutalijuaje kama limefikiwa?” Akavua miwani akasema, “Mimi nimefundisha kwa haya miaka 22, na wewe ni mmoja wa waliofundishwa. Hukuelewa?” Watu wakacheka. Wiki ile ile tulikuwa na harusi Vitongoji, na yeye alikuwa ameshakaa kwenye sinia na wenziwe. Nilipopita akaendelea kuumega wali kana kwamba ni paka kapita. Mume wangu anasema ya kazini niyaache kazini. Anayasema hayo kwa sababu yeye hakai upande wa wanawake.

Kuna kijana tunafanya naye kazi, hodari wa kompyuta, ananiambia najisumbua bure. Ana orodha ya vitenzi vinavyokubalika. Anachofanya ni kutafuta ‘aelewe’ na kuweka ‘aeleze’, anabonyeza mara moja, mtaala mzima unabadilika. Kamati itaridhika na Mwalimu hatoona tofauti.

Na mimi nimejaribu kuandika ya kweli. Nimefika malengo 71 kwa somo moja na bado. Kila nikiandika “atende peke yake, kwa usahihi”, nawakumbuka wanafunzi wenyewe: wako 58, na kuna siku wodi inapata mama wawili tu wa kuzaa, nao tunawagombania na wanafunzi wa kada nyengine. Nikiliandika hilo kwa ukweli, nusu yao hawatomaliza. Wengine wazee wao wanangoja msimu wa karafuu ndiyo walipe ada. Nikiandika kwa kulegeza, nitakuwa nimetengeneza 84 nyengine.

Nipake rangi tu nipeleke? Niandike ninachokiamini nigombane na Mama? Au niwaambie wampe mtu mwengine kazi hii nirudi zangu wodini? Silali vizuri, Bibi.

Mkunga wa Pemba


MSHAURI ANAJIBU

Waalaykumu salaam, mwanangu. Nakuita hivyo kwa haki ya umri: nilikuwa nafundisha wauguzi kabla wewe hujajua kusoma, na nimestaafu nikiwa na mgongo mbovu na logibuku za wanafunzi, yale madaftari ya kuhesabia kazi walizozifanya wodini, ambazo mpaka leo sijapata moyo wa kuzichoma.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona barua ya mkwe. Mara ya pili nikaona barua ya kichupa, na nadhani hii ya pili ndiyo inayokukosesha usingizi. Umeona kwa macho yako alama nzuri ikishindwa mbele ya kitanda, ukarudi kwenye karatasi kutafuta mkosaji, ukakuta neno. Sasa umepewa kalamu ya kulifuta, lakini kulifuta kunamgusa mtu unayemheshimu, na kuandika jengine kunawagusa watoto wa watu 58. Nimekuelewa hivyo. Na ona, mimi nasema nimekuelewa na wewe huna njia ya kujua kama kweli, mpaka uone nitakachofanya na barua yako.

Tuanze na ile 84. Unaizungumza kama kwamba ilikudanganya. Mimi siioni hivyo. Daktari mmoja wa Marekani, George Miller, aliandika mwaka 1990 juu ya ngazi nne za mtu anayejifunza kazi ya tiba: kwanza anajua, kisha anajua inavyofanywa, kisha anaonesha anavyofanya, na juu kabisa anatenda, kazini, siku ya kawaida, hakuna anayempa maksi. Mtihani wako wa karatasi uliuliza ngazi ya kwanza, pengine na ya pili, na binti alijibu vizuri. Yuniti 10 ni sahihi. Usiku ule aliulizwa ngazi ya nne, ambayo hakuna mtu alikuwa amewahi kumuuliza. Baina ya karatasi na kitanda palikuwa na ngazi nzima ya kuonesha, na nahisi darasani kwenu hairukwi kwa uvivu. Inarukwa kwa sababu ya ile hesabu yako ya watu 58.

Kuna jambo jengine umeliandika kwa maneno mawili ukalipita: “Na hakuniuliza.” Mimi hapo nilisimama. Kama angesema tu “Mwalimu, imeandikwa 5”, yote yangekwisha kwa nusu dakika. Katika yale malengo 71, je, limo hata moja linalosema mwanafunzi apaze sauti kuomba msaada anapokwama? Naweka dau la kikombe cha kahawa halimo. Wanafunzi wetu tunawalea wasimuulize mkubwa akiwa na kazi, halafu tunashangaa wananyamaza damu ikitoka. Sikwambii kosa lilikuwa la malezi, wala la lengo, wala lako. Usiku, uchovu, wodi ina mama wawili wanaozaa kwa wakati mmoja na mwalimu ni mmoja, yote hayo yalikuwepo. Lengo likiandikwa vizuri namna gani haliwezi kusimama kando ya kitanda badala ya mtu.

Lakini linaweza kukulazimisha wewe ukaweke vichupa mezani, na hapo ndipo naona kazi yako ina maana.

Hebu tulichukue lengo lenyewe. Mmarekani mwengine, Robert Mager, tangu mwaka 1962 aliwaambia walimu kwamba lengo linalofaa lina mambo matatu ndani yake: mwanafunzi atafanya nini kinachoonekana, atakifanya katika hali gani, na kipimo cha kuridhika ni kipi. Wengi wetu tunashika lile la kwanza tu, ndiyo maana kijana wako ana orodha ya vitenzi. Kilichomkwamisha binti yako kilikuwa ndani ya lile la pili, hali. Alijifunza dozi pasipo na kichupa.

Mimi nilikuwa na mtindo wangu. Najua makaratasi ya vyuo vyetu yanaandikwa kwa Kiingereza na kamati itataka Kiingereza. Wewe andika kwanza kwa Kiswahili, kama unamwagiza mdogo wako kazi jikoni. Hakuna mtu anamwambia mdogo wake “elewa samaki”. Anamwambia mpare magamba, mtumbue, mkate vipande vinne, mtie chumvi na ndimu. Kiswahili chetu kina utajiri wa vitenzi vya mkono, na ukunga ni kazi ya mkono. Jaribu hivi:

“Mtoto akishazaliwa, na vichupa vya oksitosini vya yuniti 5 na vya 10 vikiwa vimechanganywa kwenye trei, mwanafunzi apapase tumbo kuhakikisha hakuna pacha, asome kichupa kwa sauti, avute yuniti 10 na amchome mama msuli wa paja, yote ndani ya dakika moja tangu mtoto kutoka. Akiwa na shaka yoyote, amwite msimamizi papo hapo.”

Refu, sawa. Litapunguzwa. Lakini angalia: ukilisoma hilo unajua kesho asubuhi uandae nini darasani. Unahitaji trei, vichupa vilivyochanganywa, saa yenye mshale wa sekunde, na sanamu la nyonga, hata la kushona kwa kitambaa. Unajua na mtihani utakuwaje, maana lengo lenyewe ndiyo mtihani. Lile la zamani lingekupa nini? Ubao na chaki.

Na hili si jambo geni kwetu, ingawa limetujia na majina ya kigeni. Umesoma chuo cha Kurani utotoni. Maalimu aliwahi kukuuliza kama umeielewa Alhamdu? Alikwambia soma. Ukasoma, yeye kafumba macho anasikiliza, ukikosea irabu anagonga ubao, unarudia. Hukuvuka juzuu kwa kuwa mwaka umekwisha, ulivuka kwa kuwa umesikika. Mtoto wa jirani alivuka kabla yako au baada yako, na hakuna aliyeona ajabu. Mtaala wa umahiri unataka kitu cha ukoo huo.

Sasa, malengo 71. Hapa mwanangu naomba tubishane kidogo. Nimeona somo likikatwa vipande vidogo mpaka halina ladha tena, kila kukohoa kuna lengo lake, na mwalimu anazunguka wodini na karatasi ya kutia vema hamuoni hata mama aliyelala. Kupimika ni kuzuri, lakini si kila chenye thamani kinakubali kukatwa hivyo. Yule mkunga mtu mzima aliyevunja vichupa viwili, umeeleza mikono yake ilivyokwenda. Pengine pia alimwambia yule mama neno, akamfunika. Hilo utaliandikaje? “Mwanafunzi aoneshe huruma kwa asilimia 80”? Yapo ya kuandikwa kwa nia tu na kuangaliwa kwa muda mrefu, na mtaala hauvunjiki kwa hayo.

Kama ningekuwa na kalamu yako ningejiuliza kwanza: ni kazi zipi mwanafunzi akizikosea mtu anakufa kabla ya msaada kufika? Kutoka damu. Mtoto asiyepumua, ambaye dakika ya kwanza ndiyo yake, aanze kupulizwa hewa kabla haijapita. Mama mwenye kifafa cha mimba aliyeanzishiwa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, ambaye kabla ya dozi inayofuata lazima ahesabiwe pumzi zisipungue 16 kwa dakika, agongwe goti lionekane linaruka, na uangaliwe mkojo wake. Hayo ningeyaandika kwa ukali wote, na hali na kipimo, bila kuyalegeza. Mengine ningeyaandika kwa upana zaidi. Lakini hiyo ni mimi. Kamati nyengine hupenda yote yalingane sura, na ukiwapelekea machache marefu na mengi mafupi wanaweza kukurudishia. Utalazimika kulitetea.

Linalofuata ni la 58, na kwangu ndilo zito kuliko la shangazi na mama wadogo. Umeandika “atende peke yake” kila mahali, kisha ukaogopa. Kwani nani kasema kila kitu lazima kifike ngazi hiyo kabla ya diploma? Mholanzi mmoja, Olle ten Cate, tangu mwaka 2005 amekuwa akiwafundisha watu kuuliza swali la watu wazima: huyu namuamini kwa kiasi gani na kazi hii? Aangalie tu? Afanye nikiwa nimesimama naye? Afanye mimi nikiwa chumba cha pili, nikiitwa nafika? Afanye peke yake? Au ameshaweza kuwasimamia wengine? Usiku ule wewe bila kukusudia ulimpa ngazi ya tatu kati ya hizi mtu ambaye hakuwahi kuonekana kwenye ya pili. Sisemi kukulaumu, nimefanya hivyo mara nyingi mpaka zimenipotea hesabu.

Basi unaweza kuandika kwa uwazi: kuzalisha mama wa kawaida, mwanafunzi atafikia kufanya chini ya macho ya msimamizi; kuzuia damu, ataonesha kwenye sanamu mpaka apatie bila kukumbushwa, kisha wodini msimamizi akiwa kando yake. Karatasi ya namna hiyo haimnyimi mtu cheti kwa kosa la wodi kuwa na mama wawili. Inasema ukweli wa mlichoweza kumpa.

Ila ina hatari zake na sitaki uzione nusu. Atakayemuajiri hatosoma mtaala wenu, ataona diploma na atampanga zamu ya usiku peke yake kwenye kituo cha mbali. Halafu sanamu halitoki damu wala halipigi kelele, na mwanafunzi anaweza kuwa hodari wa sanamu. Na hatari ya tatu unaijua bila kuambiwa: sahihi za huruma. Logibuku inadai idadi fulani, mwezi unakwisha, mwanafunzi analia, mwalimu anatia sahihi. Ukiandika malengo magumu kuliko wodi, unazalisha sahihi za huruma nyingi zaidi. Huenda lengo lililo chini kidogo lakini la kweli likamlinda mama kuliko la juu linalosainiwa gizani. Huenda pia likazoesha chuo kuridhika na kidogo. Mimi mwenyewe nimewahi kushika upande huu na upande ule.

Kijana wako wa kompyuta usimcheke sana. ‘Aeleze’ angalau inasikika, ‘aelewe’ haisikiki, kwa hiyo kapiga hatua moja. Shida ni kwamba kwa kubonyeza kwake, lengo lako la damu litakuwa “mwanafunzi aeleze jinsi ya kuzuia kutoka damu”, na binti wa 84 angelieleza vizuri tu, kichupa kikiwa bado mkononi. Ukipeleka hivyo utapata amani mwezi huu. Mtaala ukishapitishwa hukaa miaka kabla ya kuguswa tena, na wewe utaendelea kuufundisha ukijua unachokijua. Wapo wanaoweza kuishi hivyo: kwenye karatasi wanaweka rangi, darasani wanafundisha kwa vichupa. Si njia mbaya kabisa. Ila akija mwalimu mwengine baada yako, atakuta rangi tu.

Haya, tuje kwa Mama.

Nakuuliza kwa upole: una hakika anatetea malengo? Mtu akisomewa maandishi yake mbele ya watu na mwanafunzi wake, tena mke wa mtoto wa dada yake, hata swali la adabu linauma. Ulichouliza kilikuwa sahihi, ila kiliulizwa kikaoni. Na enzi zake ‘aelewe’ ndiyo ilikuwa lugha ya mitaala. Mimi pia niliandika hivyo, makabati yamejaa. Na lile la sinia, samahani mwanangu, sinia letu ni la watu wanne, wakibanana watano. Inawezekana lilikuwa limeshajaa. Inawezekana pia alikuchunia kweli. Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo.

Ninachotaka ukikumbuke ni siku alipokupitisha wewe. Alikupitisha kwa karatasi? Walimu wa umri wetu tulikuwa tunaandika ‘aelewe’ kwenye daftari halafu tunasimama mlangoni mwa wodi tunatazama mikono. Tulijua nani yuko tayari kwa namna anavyoshika kitasa cha mlango, mungu atusamehe. Vipimo vilikuwepo, vilikaa kichwani, na vinastaafu pamoja nasi. Huenda Mwalimu wako anacho hicho unachokitafuta, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ungemwendea vipi? Unaweza kwenda kwake alasiri, nyumbani, huna faili, ukamwambia kisa cha kichupa. Nimeona kwenye barua hujasema popote kwamba umemhadithia. Kisha umuulize: “Mama, wewe ungejuaje kama yule binti bado?” Unyamaze, uandike akisema. Pengine atakupa malengo kumi bora kuliko ya orodha yoyote, na yatapita kamati yakiwa na jina lake. Pengine atasema “Angekuwa ameelewa asingekwama”, na chai itapoa. Au atalipenda mno jambo hili, alichukue lote, na wewe ubaki kupiga chapa. Ipo na njia ya kupeleka yako kwenye kamati moja kwa moja, una haki hiyo kazini. Lakini kisiwa hicho unakijua, na harusi zipo kila wiki mfungo ukikaribia. Mume usimtume. Mjumbe wa kiume katika neno la wodi ya wazazi analitia chumvi asipojua.

Na kurudisha kazi, urudi wodini? Sioni aibu ndani yake. Ila jiulize kama utakuwa umeikimbia kalamu au umeifuata mikono, maana wodini nako mwalimu anahitajika, na pale hakuna kamati. Wewe ndiye utakayejua ni lipi kati ya hayo mawili.

Kitu kimoja barua yako haikuniambia, nami nimekitafuta mara zote mbili nilizoisoma. Yule binti yuko wapi sasa? Bado mwanafunzi wako, au ameshamaliza na yuko zamu mahali? Kuna mtu aliyekaa naye baada ya usiku ule? Umeeleza damu, umeeleza karatasi, umeeleza Mwalimu na sinia lake, na yeye umemuacha amesimama chini ya taa. Kama yupo karibu, mwite kabla ya kuandika lengo la 72. Mwekee vichupa mezani, vya 5 na vya 10, ukae upande wa pili wa meza, umwambie akuoneshe.

Kisha niandikie.